Sipaki Mafuta Yoyote, Wifi

Wifi, ujumbe wako nimeusoma ndani ya basi, saa moja asubuhi, natoka kazini na nje kiza totoro. Unaniuliza napaka mafuta gani, maana kwenye picha za harusi nimetakata, na Wete nzima inasema Uingereza imenikubali.

Sipaki kitu. Huu weupe ni wa mtu asiyeona jua. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Naingia kiza, natoka kiza. Disemba jua huku linazama saa kumi za alasiri, mimi nimelala. Mwaka jana mapaja yakaanza kuniuma, ngazi za basi nikawa nazipanda kwa kujivuta na chuma. Bibi ninayemwogesha, ana miaka 86, siku moja yeye ndiye aliyenipa mkono niinuke. Nikacheka naye, kisha nikajifungia chooni nikalia.

Kupimwa damu, vitamini D ni nanomoli 14 kwa lita. Chini ya 25 ni upungufu. Daktari akanambia kuanzia Oktoba mpaka mwanzo wa Machi jua la huku hata likiwaka halina nguvu ya kuitengeneza mwilini. Ngozi nyeusi inataka jua zaidi, na mimi ndiyo hivyo, nimejistiri. Kukaa dirishani nako kazi bure, kioo kinazuia. Nikapewa vidonge vya uniti 50,000, kimoja kwa wiki, wiki 6. Sasa nameza maikrogramu 10 kila siku, kiangazi na baridi.

Kwa hiyo usije. Nakwambia kweli, kaa kwenu. Lakini viza ikitoka, njoo tu. Mimi pia niliambiwa nisije, nikaona wananifanyia choyo. Ila vidonge nunua wiki ya kwanza, usingoje kuumwa. Soma paketi, vingine ganda lake ni gelatini ya nguruwe. Na usibugie ukidhani vingi ndiyo dawa, bila daktari kukwambia, maikrogramu 100 kwa siku ndiyo mwisho. Mtoto mpe matone, usije ukamlea na matege. Kula vibua, kula dagaa, mayai usiache kiini.

Na huo mkorogo ulioanza, mama kanambia, uache. Unajichuna ngozi ufanane na mgonjwa!

Pesa za bati nimetuma jana. Ukipata mtu anayekuja, nifungie dagaa wa Tumbe. Na nitumie picha ya uani saa nne asubuhi, karafuu zikiwa majamvini. Usiitie filta.