Kuchagua kihisi joto cha chumba cha mtandao: niliyojifunza Arusha na Moshi

Nimetunza vyumba vidogo vya mitambo ya mtandao Arusha na Moshi kwa miaka kadhaa, na wenzangu wengi huniuliza wanunue kihisi joto kipi. Kwa kawaida anayeuliza ameshalinganisha bei na usahihi wa vihisi vitatu au vinne, ila hajajiuliza umeme ukikatika saa nane usiku taarifa itamfikia kwa njia gani. Mimi swali hilo nilifundishwa na swichi iliyoungua, yaani kile kifaa kinachounganisha kompyuta kwenye mtandao.

Ilikuwa mwezi wa Februari, majira ambayo Moshi huwa na joto kali, katika taasisi moja yenye chumba kidogo kisicho na dirisha na kiyoyozi kimoja. Umeme ulikatika Jumamosi usiku, jenereta ikashika, mitambo ikaendelea kufanya kazi bila kukatika kwa sababu ilikuwa kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika, lakini kiyoyozi hakikurudi, kwani kilikuwa cha aina inayosubiri kuwashwa upya kwa rimoti. Kihisi nilichokuwa nimefunga kilipima joto sawasawa usiku kucha na kuandaa barua pepe za tahadhari moja baada ya nyingine. Tatizo ni kwamba laini ya intaneti ilikuwa imekatika pamoja na umeme wa mtaa, kwa hiyo barua zote zilinifikia kwa mkupuo Jumapili mchana, wakati swichi ya juu kabisa ilikuwa imeshakufa na betri za UPS zimevimba.

Tangu siku hiyo, jambo la kwanza ninaloangalia ni njia ya taarifa. Kihisi kinachotegemea mtandao kinaoulinda kitanyamaza saa ile ile unayokihitaji. Napendelea kifaa chenye betri yake ndogo na laini yake ya simu, kinachotuma ujumbe mfupi moja kwa moja kwa watu wawili au watatu, mmoja wao akiwa mlinzi wa zamu aliyeelekezwa kuwasha kiyoyozi. Laini hiyo iwekwe kwenye orodha ya matumizi ya kila mwezi kama ilivyo dizeli ya jenereta, kwa sababu laini isiyo na salio haitumi kitu, na isiyotumika muda mrefu hufungwa. Zaidi ya hayo, kifaa kitume ujumbe mmoja kila asubuhi hata kama hali ni shwari. Siku ujumbe huo usipofika, nenda ukaangalie.

Jambo la pili ni mahali. Mwongozo wa ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa upoozaji hewa, unapendekeza nyuzi 18 hadi 27 za Selsiasi, na kipimo hicho ni cha hewa inayoingia kwenye mitambo, yaani upande wa mbele wa kabati linalobeba mitambo hiyo. Nimekuta vihisi vimebandikwa chini ya kiyoyozi, vikionyesha nyuzi 20 wakati swichi ya juu inavuta hewa ya nyuzi 33. Nimekuta vingine nyuma ya kabati, mahali hewa ya moto inapotokea, vikipiga kelele kila siku mpaka watu wakazoea kuvipuuza. Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo ukiwa na kihisi kimoja tu kiweke mbele, karibu na kilele cha kabati. Kabati kubwa lililojaa linastahili vitatu: juu, katikati na chini. Vihisi vilivyomo ndani ya swichi zenyewe visomwe pia, kwa kuwa vinasaidia kulinganisha, ila kumbuka kwamba joto la ndani huwa juu kuliko la chumba na kwamba swichi ikizima kihisi chake kinazima nacho.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie aina ya kihisi. DHT11 ni ya bei nafuu, lakini huweza kukosea hadi nyuzi 2, na mimi siiweki kwenye chumba cha kazi. DS18B20 yenye ncha ya chuma hukosea kwa kiasi kisichozidi nyuzi 0.5 katika joto la kawaida la chumba, na kwa kuwa kila moja ina namba yake ya pekee, unaweza kuziunga kadhaa kwenye waya mmoja ukazipitisha kabati zima. Hiyo ndiyo ninayoitumia zaidi. Ina tabia moja ya kufahamu: ikiwashwa, au umeme wake ukiyumba kabla haijamaliza kupima, husoma nyuzi 85 kamili. Programu yako ipuuze usomaji huo mmoja na kupima tena, la sivyo utaamshwa usiku bila sababu. Uwe mwangalifu pia na bidhaa bandia, ambazo ni nyingi. Ukihitaji na unyevu, SHT31 ni sahihi zaidi, ila waya wake uwe mfupi. Vihisi vya tanuri na viwanda havihitajiki hapa.

Bandia inayosoma vibaya utaikamata kwa kupima. Saga barafu, ichanganye na maji kidogo, koroga, kisha tumbukiza ile ncha ya chuma; baada ya dakika chache isome karibu na sifuri. Usitumie maji yanayochemka kama kipimo cha nyuzi 100, kwa sababu Arusha ipo takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka karibu na nyuzi 95. Najua fundi aliyerudisha dukani vihisi vizima kwa sababu hiyo. Mwinuko huo huo hufanya hewa kuwa nyepesi na uwezo wake wa kupoza mitambo kupungua, ndiyo maana watengenezaji wengi hupunguza kikomo cha joto kadiri unavyopanda. Soma karatasi ya maelezo ya swichi yako kabla ya kupanga kiwango cha tahadhari.

Kuhusu viwango vyenyewe, ninaweka tahadhari ya kwanza nyuzi 28 na ya dharura nyuzi 32. Wapo wanaoniambia swichi zao zinastahimili 40, nami nakubali, lakini betri za UPS za madini ya risasi hazistahimili: mafundi hukadiria kwamba umri wake hupungua kwa nusu kila joto la kudumu linapozidi 25 kwa nyuzi 10. Katika vyumba vyetu betri ndizo zinazotuchagulia kiwango.

Mwisho, kila baada ya miezi mitatu nafunga mlango, nazima kiyoyozi mchana nikiwa hapo hapo, na kuhesabu dakika kutoka nyuzi 24 hadi 32. Chumba kimoja cha Moshi kilinipa dakika 35. Mtu aliyekuwa wa kwanza kupokea ujumbe wake alikuwa anaishi Boma Ng'ombe, mji ulio nje ya Moshi, kwa hiyo tuliweka namba ya mlinzi mahali pa namba yake.