Kugawa modeli za hifadhidata katika faili nyingi: ushauri kwa wanaoanza SQLAlchemy

Miradi mingi ya Python inayotumia SQLAlchemy, maktaba inayounganisha klasi za Python na majedwali ya hifadhidata, huanza na faili moja tu ya models.py, na hilo si kosa. Mfumo mdogo wa chama cha kuweka na kukopa wenye klasi za Mwanachama, Akaunti na Mkopo husomeka vizuri zaidi klasi hizo zikikaa pamoja kuliko zikitawanywa. Haja ya kuzigawa huja pale marejesho, wadhamini, hisa na gawio vinapoongezeka, na watu wawili wanapojikuta wanahariri faili ileile kila mmoja akivuruga kazi ya mwenzake. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba asihamishe hata klasi moja kabla hajaelewa jinsi maktaba hii inavyozitambua klasi zake, kwa kuwa sehemu kubwa ya matatizo ya kugawa faili hutoka hapo.

SQLAlchemy haiitambui modeli, yaani klasi inayowakilisha jedwali, kwa sababu tu faili yake imo kwenye folda ya mradi. Huitambua pale Python inapoiingiza faili hiyo kwa amri ya import na kuitekeleza klasi iliyomo, na ni wakati huo tu ambapo jedwali lake husajiliwa katika Base.metadata, orodha ya majedwali inayotunzwa na Base, klasi mama ya modeli zote. Kwa hiyo ukiita Base.metadata.create_all, amri ya kuunda majedwali, bila faili ya marejesho kuingizwa mahali popote, majedwali mengine yataundwa na la marejesho halitaundwa, wala hutaona ujumbe wowote wa hitilafu. Hatari kubwa zaidi iko kwa wanaotumia Alembic, chombo cha kusimamia mabadiliko ya muundo wa hifadhidata. Chombo hicho, kinapoandaa mabadiliko ya muundo chenyewe, hulinganisha metadata na hifadhidata halisi. Kikilikuta jedwali la marejesho kwenye hifadhidata ilhali halimo kwenye metadata, huchukulia kwamba umeliondoa, nacho huandika op.drop_table, amri ya kufuta jedwali, katika faili ya mabadiliko bila kukuuliza. Anayeendesha faili hizo za mabadiliko bila kuzisoma atalifuta jedwali pamoja na kumbukumbu zote zilizomo.

Mpangilio ninaoupendekeza unaanza na folda ya models yenye faili ya base.py, ambayo ndani yake mna klasi ya Base peke yake. Faili hiyo isiingize modeli yoyote, bali modeli zote ziingize kutoka kwake. Wanaoanza hupenda kunakili mstari unaounda Base katika kila faili, wakidhani ni sehemu ya utaratibu, kumbe kila Base mpya huja na metadata yake na orodha yake ya majina, hivyo Mkopo wa faili moja hauwezi kumpata Mwanachama wa faili nyingine. Kisha katika __init__.py ya folda hiyo ingiza modeli zote, na faili ya env.py ya Alembic ichukue Base kutoka hapo. Orodhesha majina hayo pia katika __all__, kwa sababu programu zinazosafisha msimbo huona mistari hiyo kama isiyotumika, na zipo zinazoiondoa zenyewe ukiziruhusu.

Tatizo la pili ni mzunguko. Mkopo unamhitaji Mwanachama, na Mwanachama anahitaji orodha ya mikopo yake. Faili zao zikiingizana moja kwa moja, Python hukwama katikati na kulalamika kwamba moduli haijakamilika. Dawa yake ni kutaja klasi ya upande wa pili kwa jina lake ndani ya alama za nukuu, kama relationship("Mwanachama", back_populates="mikopo"), kwa kuwa SQLAlchemy hulitafuta jina hilo baadaye, inapounganisha modeli zote kwa mara ya kwanza. Angalia hapa jambo linalowachanganya wengi: relationship hupokea jina la klasi, lakini ForeignKey hupokea jina la jedwali na safu yake, kama "wanachama.id". Ukitumia alama za aina za toleo la 2.0, andika Mapped["Mwanachama"] na uweke import yake chini ya if TYPE_CHECKING, ili kihariri chako kiione nayo isitekelezwe programu inapoendeshwa.

Ukiambiwa kwamba jedwali limekwisha kufafanuliwa katika metadata hiyo, usikimbilie extend_existing=True, inayoruhusu jedwali lifafanuliwe tena, kama wengi wanavyoshauriana. Aghalabu faili ileile imeingizwa kwa njia mbili, mahali pamoja kama models.mikopo na pengine kama app.models.mikopo, na Python imezihesabu kuwa moduli mbili tofauti. Chagua njia moja na uifuate katika mradi mzima.

Kuhusu mahali pa kukata, mimi siungi mkono kila klasi kuwa na faili yake. Mkopo, Rejesho na Mdhamini hubadilika pamoja, kwa hiyo zikae pamoja katika mikopo.py, Hisa na Gawio zikae katika hisa.py. Anayetafuta kanuni ya riba asilazimike kufungua faili nne.

Kuhamisha klasi kutoka faili moja hadi nyingine hakubadilishi chochote katika hifadhidata, mradi __tablename__, yaani jina la jedwali, ibaki vilevile. Kwa hiyo ukimaliza kugawa, ita configure_mappers ili majina yote ya mahusiano yatafutwe papo hapo, kisha endesha alembic check, amri inayolinganisha modeli na hifadhidata, dhidi ya hifadhidata iliyokuwa sawa kabla ya kazi hii. Ikisema kuna jedwali la kuondolewa, usiguse hifadhidata: rudi kwenye __init__.py utafute faili uliyoisahau.