Kabla hujamchorea mhadhiri chati

Wewe uliyeajiriwa juzi kitengo cha masomo ya mtandaoni, ukitaka kuchora chati za wanafunzi wanasoma lini, anza na saa. Moodle, mfumo wanaosomea mtandaoni, huandika wakati wa kila mbofyo kwa sekunde zilizopita tangu Januari 1, 1970, saa za UTC, yaani saa za marejeo za dunia. Sisi Mombasa tuko mbele kwa saa tatu. Usipoziongeza, mwanafunzi aliyefungua somo saa tatu usiku utamchora akisoma saa kumi na mbili jioni, na kumbe wakati huo alikuwa bado anasubiri feri Likoni.

Chati ya kwanza iwe jedwali la rangi: siku saba kwenda chini, saa 24 kwenda kulia, kisanduku kikikolea kadiri watu walivyoingia. Nimesema watu, si mibofyo. Mtu mmoja mwenye wasiwasi usiku wa kuwasilisha kazi hufungua ukurasa uleule mara thelathini, akakuonyesha darasa zima liko macho. Rangi moja yatosha, kutoka hafifu hadi nzito. Nyekundu na kijani wapo wasioweza kuzitofautisha, na mashine ya ofisini huchapa nyeusi tupu.

Jedwali hilo ulisome kama mtu wa hapa. Ijumaa adhuhuri rangi ikififia, watu wako msikitini. Ramadhani ndiyo hupindua kila kitu: jioni panakuwa patupu, halafu baada ya tarawehe watu wanamiminika, wengine hadi wakati wa daku. Na kwa kuwa mwezi huo husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, ukilinganisha Aprili ya mwaka huu na ya miaka mitatu nyuma utadai wanafunzi wamebadilika tabia, kumbe ni kalenda.

Muda wa kusoma uutilie shaka. Mfumo unajua ukurasa ulipofunguliwa. Haujui msomaji aliinuka lini. Wachambuzi wengi huhesabu kipindi cha kusoma kimekwisha baada ya dakika 30 za kimya, lakini huo ni ukomo wa kubuni tu, uuandike chini ya chati. Aliyepakua PDF akaisomea nyumbani bila bando ameacha mstari mmoja tu kwenye logi, yaani kumbukumbu ya mibofyo.

Kubwa kuliko yote: logi ina waliokuja. Asiyeingia hata mara moja hana mstari, kwa hiyo chati iliyotokana na logi peke yake humfuta kabisa, na wastani unapendeza. Chukua orodha ya waliosajiliwa kwanza, ndipo uiunganishe na logi. Wasio na kitu wabaki na sifuri zao zionekane. Mhadhiri akikuomba dashibodi, yaani ukurasa wa chati, mara nyingi anachotaka ni orodha fupi ya kupigiwa simu: nani hajaingia wiki mbili.

Orodha hiyo ya majina ni yake mhadhiri wa somo. Chati za mkutano zisiwe na majina, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatuhusu. Darasa la watu wanane hata bila majina wanajulikana, usilichore.

Kwa mazoezi usiguse data za chuo. Pakua zile za Open University ya Uingereza, OULAD: usajili 32,593 wa wanafunzi kwenye masomo, miaka ya 2013 na 2014, majina yameondolewa. Ila mibofyo yake imejumlishwa kwa siku, hivyo jedwali la saa hutaliweza huko. Zoezi la sifuri utaliweza vizuri, kwa sababu orodha ya waliosajiliwa imo kwenye faili yake peke yake.