Maswali ya Wasomaji: Kuongoza Mchezo Pasipo na Jukwaa

SWALI: Mhariri, naongoza kikundi cha maigizo cha wanafunzi wa sekondari hapa Mpwapwa. Hatuna ukumbi wala taa. Tunafanyia mazoezi chini ya mbuyu. Je, wapo waongozaji mashuhuri duniani waliofanya kazi katika hali kama yetu? – Mwalimu, Mpwapwa

JIBU: Wapo, Mwalimu, na wa kwanza ni Peter Brook, Mwingereza aliyefariki mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 97. Ingawa alikwisha kupata sifa katika kumbi kubwa za London, kati ya mwaka 1972 na 1973 aliwachukua waigizaji wake kwa magari kupitia Algeria, Niger na Nigeria, wakatandika zulia vijijini na kuigiza hapo hapo, mbele ya watazamaji ambao wengi wao hawakuelewa lugha za wageni hao. Zulia ndilo lililokuwa jukwaa. Mkeka wa ukindu, nadhani, utawafaa ninyi vilevile.

Mbrazili Augusto Boal (1931–2009) alikwenda mbali zaidi: katika mtindo wake, mchezo huonyesha tatizo lisilotatuliwa, kisha hurudiwa, na mtazamaji yeyote anaweza kuusimamisha, akachukua nafasi ya mhusika anayeonewa na kujaribu njia nyingine. Jaribuni kwa mgogoro wa mfugaji na mkulima. Watazamaji wenu hawatakosa la kusema. Mteueni mapema mtu wa kusimamia zamu za wanaoingia, kwa kuwa Boal naye alikuwa na msimamizi wa aina hiyo.