Ami Jibu: Hizi jumuiya zilitufaa nini wakati wa korona?

SWALI: Asalaam aleikum ami. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi, zamani nilikua natembeza Wataliano Gede na Watamu mpaka korona ikaja ikanishusha. Juzi barazani tulibishana vibaya sana, mzee mmoja asema bila Umoja wa Afrika tungekufa kama kuku, mimi nikamwambia hizo jumuiya ni mikutano na posho tu, ugonjwa ukija kila nchi na lwake. Nani ana haki? Kuna kahawa ya watu sita hapa inangoja jibu.
– Kijana wa Maweni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Nyote mna haki, lakini mwenzio alikua anaongea kuhusu Umoja wa Afrika wa Addis Ababa na wewe kichwani una Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Arusha, sasa mngebishana mpaka adhana ya alfajiri na msiafikiane.

Tuanze na hii yetu ya Arusha. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kifungu cha 118 kinasema wazi kabisa nchi wanachama zichukue hatua pamoja kuzuia magonjwa ya kuambukiza na milipuko. Yameandikwa vizuri hayo. Alafu korona ikapiga hodi, Mei 12, 2020 marais wakakutana kwa video, Kagame ndo mwenyekiti, Tanzania na Burundi hazikutokea, na siku nne baadaye Kenya ikafunga mpaka na Tanzania isipokua kwa mizigo. Tanzania nayo ilikua ishaacha kutangaza idadi ya wagonjwa. Ikifika Agosti wakazuia ndege za Kenya kutua kwao, na kule Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, madereva wa matrela wanalala barabarani siku na masiku wakingoja vipimo, maana ukipimwa Kenya, Uganda nao wataka wakupime tena. Baadaye wakaleta ule mfumo wa simu wa kufuatilia madereva, cheti kimoja kinasomeka nchi zote, na hilo ndo jambo la maana walofanya, ila lilikuja wakati watu washaumia. Hapo wewe umeshinda.

Lakini usidhani ni ushamba wa Waafrika pekee. Wewe ulofanya kazi na Wataliano wakumbuka Machi 2020 mahoteli ya hapa yalivokua yakifungwa moja moja na wageni wanatafuta ndege za mwisho huku wanalia na simu, kwao Lombardia watu wanakufa. Italia ilikua ishaomba barakoa na vifaa kwa wenzake wa Umoja wa Ulaya, jumuiya tajiri yenye sarafu moja na bunge moja, na walojibu mwanzoni hakuna. Ujerumani ikakataza vifaa vya kujikinga visitoke nje, Ufaransa ikashika barakoa zote za nchi. Madaktari wa Kichina na wa Cuba ndo walofika. Aprili 16 rais wa Kamisheni ya Ulaya, Ursula von der Leyen, akasimama bungeni akaomba Italia radhi. Baada ya hapo walibadilika kweli, wakanunua chanjo kwa mkoba mmoja nchi zote 27, ndogo kama Malta ikapata kwa mpango uleule wa Ujerumani.

Sasa mzee wako. Mapema Februari 2020 nchi zilizoweza kupima korona Afrika nzima zilikua mbili tu, Senegali na Afrika Kusini. Kuna mwanafunzi alitua Nairobi Januari ile akitoka Wuhan, akashukiwa, sampuli yake ikabidi isafirishwe mpaka Afrika Kusini, na namshukuru Mungu ilitoka safi. Africa CDC, kile kituo cha magonjwa cha Umoja wa Afrika kilichoanza kazi 2017 baada ya Ebola ya Afrika Magharibi kututia adabu, kikakusanya wataalamu wa maabara Dakar, kikawafundisha na kugawa vifaa vya kupimia, na ndani ya miezi michache nchi karibu zote zinapima zenyewe. Hilo si posho mwanangu, hilo ni kazi.

Na ununuzi. Mkono mtupu haulambwi, na nchi moja moja ya kwetu ikienda kwa kampuni ya dawa huwa hata simu haishikwi. Umoja wa Afrika ukamteua Strive Masiyiwa kusimamia ununuzi wa chanjo, yule tajiri wa simu wa Zimbabwe, Afreximbank, ile benki ya Afrika ya biashara ya nje, ikaweka dhamana ya dola bilioni 2, na Machi 2021 wakasaini dozi milioni 220 za chanjo ya Johnson & Johnson, na nafasi ya kuongeza milioni 180. Mwezi huohuo India, ambayo ndo ilikua inatengeneza chanjo nyingi ya AstraZeneca ya COVAX, ule mpango wa dunia wa kugawia nchi maskini chanjo, ikafunga mauzo ya nje kwa sababu watu wake wanakufa. Waliokua wanategemea msaada peke yake walikwama hapo.

Alafu kikatokea kioja ambacho mpaka leo nikikumbuka nashindwa kunywa chai. Hizo Johnson zilikua zikijazwa kwenye chupa kiwandani Gqeberha, Afrika Kusini, ardhi ya Afrika, na sehemu ya chupa zile zikawa zinapakiwa kwenda Ulaya! Sisi twangoja, zapita mlangoni kwetu. Kelele zikapigwa, Umoja wa Afrika ukabanana na Umoja wa Ulaya, Septemba 2021 ikatangazwa hazitoenda tena na zilizokwenda zitarudishwa. Nchi moja ingepiga kelele ile nani angeisikia?

Lakini ngoja, mwambie mzee asishangilie sana. Kiwanda kilekile baadaye kikapata leseni ya kutengeneza chanjo hiyo kwa jina lake kiiuzie Afrika, na mwaka 2022 oda haikuja hata moja. Hata moja! Hao hao walolia chanjo zapelekwa Ulaya. Viongozi wetu wamejiwekea ahadi kwamba ikifika 2040 asilimia 60 ya chanjo zinazotumika Afrika zitengenezwe Afrika, mimi nasema sawa, lakini zitanunuliwa na nani?

Kwa hivo kahawa alipe kila mtu yake.

SWALI: Ami samahani, mimi bwana wangu ni Mtaliano, mwaka 2021 nilichanjwa AstraZeneca hapahapa Malindi, nikaambiwa cheti changu Ulaya hakitambuliki lakini yeye kachanjwa AstraZeneca hiyohiyo kwao na chake kinapita. Hii ilikua ni nini, ubaguzi?
– Mama Sofia, Casuarina

JIBU: Dada yangu, dawa ni ileile, kilichotofautiana ni lebo. Ilokuja kwetu Machi 2021 ilitengenezwa India na kuitwa Covishield, na mamlaka ya dawa ya Ulaya ilikua imeidhinisha ile ya viwanda vingine tu, kwa hivo cheti cha kidijitali cha Umoja wa Ulaya kilipoanza Julai 2021 Covishield haikuwemo kwenye orodha ya pamoja, ikaachiwa kila nchi iamue yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikua limeikubali toka Februari. Umoja wa Afrika na Africa CDC walitoa taarifa ya malalamiko hata kabla mfumo haujaanza. Kama ni ubaguzi au urasimu sijui niite vipi, ila kuchangia COVAX kwa mkono mmoja na kukataa cheti cha dozi hizohizo kwa mkono wa pili, mimi naona ni aibu.

SWALI: Somalia imeingia Jumuiya, sisi manahodha wa Lamu tunaokwenda mpaka Kiunga itatusaidia kwa magonjwa ama itatuongezea?
– Nahodha, Faza

JIBU: Yakhe, magonjwa yalikua yakivuka kabla Somalia haijasaini chochote. Mei 2013 polio ilizuka Mogadishu na mwezi huohuo ikaonekana kambi ya Dadaab, ikaisha na wagonjwa zaidi ya 190 Somalia na 14 Kenya. Sasa Somalia ni mwanachama kamili tangu Machi 2024, angalau kuna meza moja ya kuulizana nani ana nini, lakini meza ile nishakueleza ilivokua 2020. Habari hupita haraka zaidi kwa Africa CDC siku hizi, mpox, ule ugonjwa wa homa na vipele, wao ndo walotangaza dharura Agosti 13, 2024, Shirika la Afya Duniani likafuata kesho yake. Wewe kwa sasa ukimuona abiria ana homa na vipele, usimtie chomboni na wenzake, na kama ushampakia basi piga simu kituo cha afya kabla hamjafunga kamba gatini.