Mwamba huuchagui kwa picha

Wadogo zangu mnaoanza kuongoza wapiga mbizi hapa Tanga, mgeni atakuja kwenu na simu mkononi. Ndani yake mna picha: maji maangavu, kasa amejilaza, matumbawe yamechanua. Atawaambia, "Nataka hapa." Ilipigwa mwezi gani, maji yakijaa au yakitoka, hajui. Msimu wangu wa kwanza nilimkubalia mmoja.

Ilikuwa fungu la Maziwe, mbele ya Ushongo, mwezi mpevu. Nahodha wetu, mzee aliyevua huko tangu ujana wake, aliniambia, "Leo bamvua, mwanangu, maji yanajaa na kupwa kwa nguvu. Ngoja yakauke kwanza." Nikamjibu kwamba wageni wanataka kurudi kula mchana. Saa mbili asubuhi tukaingia. Nilishika mwamba kwa vidole, mapovu yangu yakaenda ubavuni badala ya juu, nikajua nimekosea. Tulipoibuka, mashua ilikuwa kama kifuu cha nazi kule mbali. Nikasimamisha puto letu la rangi ya chungwa, tukaelea karibu saa nzima, mgeni mmoja akitapika. Mzee alipotupandisha hakunigombeza. Alinimiminia chai ya tangawizi, basi. Ningependelea anitukane.

Kwa hiyo jifunzeni mwezi kabla hamjajifunza miamba. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani yetu hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, ikapwa karibu saa nne asubuhi. Ile saa mbili yangu, basi, maji yalikuwa katikati ya kutoka, yamekasirika. Wiki moja baadaye ni maji mafu: yanajaa saa nne au saa tano asubuhi, taratibu, upepo haujakaza. Safari ya watu wanaoanza iwekeni hapo. Na ingieni yanapomalizia kujaa. Yanayojaa yametoka bahari kuu, unaona mbali. Yanayotoka yamepita kwenye mikoko na mito, yamebeba tope. Masika ikikolea, mto Pangani humwaga maji ya rangi ya chai ya maziwa, na siku hizo hata mwamba mzuri karibu na mdomo wa mto ni kupapasa tu.

Upepo nao una neno lake. Kusi likivuma, jificheni nyuma ya kisiwa, upande wa kaskazini magharibi. Yambe na Karange hukinga vizuri. Kaskazi likiingia, geuzeni. Wenyewe tunausubiri muda wa tanga mbili, kusi na kaskazi zikipokezana, hasa ule wa Oktoba na Novemba, bahari ikilala kama mkeka. (Jina la mji wetu sijui kama lina undugu na hilo, lakini napenda kuamini.)

Ramani ya simu haitawaambia pote penye mwamba. Nendeni Deep Sea asubuhi wavuvi wanaposhusha samaki, amkieni wazee, kisha msiulize "wapi pazuri?" Ulizeni nyavu zao hunasa wapi. Panaponasa wavu pana jiwe. Kigombe waulizeni akina mama wanaochokoa pweza. Na ulizeni, kwa adabu, wapi palipigwa baruti. Utashuka mita kumi ukute shimo pana kama ukumbi, matumbawe yote yamekuwa kokoto za kujengea, samaki wawili watatu wanazunguka kama waliofiwa. Usimlipishe mtu fedha yake kuona hilo.

Wengine wataomba silikanti, yule samaki wa kale akaaye kina kirefu, kwa sababu wamesikia hifadhi ya bahari iliyoanzishwa hapa mwaka 2009 kwa ajili yake. Waambieni ukweli mapema. Samaki huyo alianza kunaswa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenye majarife ya papa yaliyoshushwa chini sana, na mbizi ya starehe mwisho wake mita 40. Mwenye cheti cha mwanzo mwisho wake mita 18.

Chagueni kwa kumtazama aliye dhaifu kuliko wote kwenye kundi, siyo anayejisifu. Mita 20 chini, kila pumzi inakula hewa ya mtungi mara tatu ya ile ya juu. Mwenye woga anaumaliza wakati mwenzake bado ana nusu. Kwa safari ya siku kadhaa hadi Pemba, msianze na miamba ya kisiwa cha Misali, inayoshuka wima kama ukuta. Siku ya kwanza pelekeni mwamba wa mita nane au kumi, mwone nani anapigana na maji.

Swali langu la kwanza sasa, kabla hata ya cheti, ni hili: "Kesho unalala wapi?" Wageni wengi wakitoka kwetu hupanda Lushoto, na kule ni kama mita 1,400 juu ya bahari. Aliyepiga mbizi mara kadhaa hapaswi kupanda ndege kabla ya saa 18 kupita, na mlima kwa mwili wake ni ndege iendayo polepole. Mwaka juzi familia moja walikuwa wamekodi gari la saa nane mchana, mizigo iko hotelini. Niliwarudishia fedha ya mbizi, nikawapeleka kisiwa cha Toten kutembea kwenye magofu ya misikiti. Baba yao alinuna njia nzima, watoto wakaokota kome.