Kwa nini walimu wa tajwidi humtaja Al-Husary

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza kwa nini walimu wengi wa tajwidi, yaani kanuni za kusoma Qur'ani kwa usahihi, humwambia mwanafunzi aanze kwa kumsikiliza Sheikh Mahmoud Khalil Al-Husary, ilhali wapo wasomaji wenye sauti tamu zaidi.

Sababu kubwa ni usahihi. Mzee huyu alizaliwa Misri mwaka 1917, kijiji kilicho karibu na Tanta, akahifadhi Qur'ani angali mtoto. Jina lenyewe la Al-Husary linatokana na mikeka ya kuswalia. Mwaka 1961 ndipo rekodi yake ya msahafu mzima kwa murattal (usomaji wa utulivu), riwaya ya Hafs (mojawapo ya njia za kusoma Qur'ani zilizopokewa), ilipotoka, na hakuna aliyemtangulia katika hilo. Baadaye akarekodi na riwaya nyingine, ikiwemo ya Warsh. Alifariki mwaka 1980.

Sasa fungua Al-Fatiha yake, nenda moja kwa moja kwenye "waladh-dhaalliin". Hesabu kwa vidole: madi, yaani kuvuta sauti, inafika harakati (vipimo vya urefu wa sauti) sita kamili, haipungui wala haizidi. Halafu sikiliza ile herufi ya dhadi, ubavu wa ulimi unavyogusa magego. Mimi nilirudia neno hilo jioni nzima kabla ulimi wangu haujakubali, na bado nampenda kwa subira ile ya kutomkimbiza msikilizaji.

Ila usiishie kwenye rekodi, nakusihi. Hata yeye alisoma mbele ya mashekhe. Tafuta mwalimu akusikilize, maana rekodi haiwezi kukusahihisha.